Likizo Hii Mpeni Mtoto Hadithi, Twisheni Isubiri

Kila shule zinapokaribia kufungwa, iwe Juni au Desemba, wazazi kwenye makundi ya WhatsApp huanza kuulizana jambo lilelile: nani anamjua mwalimu mzuri wa twisheni, anatoza kiasi gani, na je, anakuja nyumbani? Haipiti saa moja majina yameshamiminika, na namba za simu juu yake. Sijaona humo mzazi akiuliza mtoto wake wa darasa la sita asome kitabu gani cha hadithi. Na nina hakika siku atakayeuliza akijitokeza, ataelekezwa kwenye kitabu cha maswali na majibu ya mitihani iliyopita.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mtoto wa darasa la nne hadi la saba ambaye tayari anajua kusoma hana haja ya kufundishwa likizoni. Anahitaji hadithi ndefu, muda wa kuisoma, na watu wazima watakaomwacha aisome bila kumhoji. Nimesema ambaye tayari anajua kusoma, kwa sababu wapo wasiojua. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanywa Tanzania mwaka 2010, zimetuonyesha mara kwa mara kwamba wapo watoto wanaofika mwisho wa shule ya msingi bila kuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hao wanahitaji mtu wa kukaa nao taratibu, silabi kwa silabi, na huyo mtu akiwa mwalimu wa twisheni sina ugomvi naye. Ninaowazungumzia hapa ni wale wengine, wanaosoma vizuri na hawasomi kitu.

Wenye likizo ndefu kuliko wote ni wa darasa la saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto wa miaka kumi na tatu anakaa nyumbani bila daftari, bila sare, bila kengele. Wazazi wenye uwezo humkimbiza kwenye masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, akakaririshe istilahi za Kiingereza za baiolojia. Wasio na uwezo humwacha na simu, au na mifugo, au na meza ya kuuzia nyanya. Wote kwa pamoja wanaupoteza muda ambao mtoto huyo hataupata tena mpaka amalize kidato cha nne. Kenya walijaribu kulitatua tatizo hili kwa sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku twisheni ya likizo. Kuitekeleza imekuwa kazi ngumu, kwa sababu sheria inaweza kufunga darasa lakini haiwezi kumpa mtoto kitu cha kufanya asubuhi ya Jumanne.

Tuangalie jinsi mtoto huyu alivyofundishwa kusoma. Kitabu cha Kiswahili kinampa habari ya ukurasa mmoja, au mmoja na nusu. Chini yake kuna maswali ya ufahamu: nani alikwenda sokoni, alinunua nini, kichwa cha habari kinachofaa ni kipi. Mtoto mwerevu hugundua mapema sana kwamba njia ya haraka ni kuanza na maswali, kisha kurudi juu kuwinda majibu. Anapata kumi kwa kumi, na habari yenyewe hajaisoma. Ukimfanyisha hivyo kuanzia darasa la tatu hadi la saba, unapata kijana anayeona maandishi kama mahali pa kuchimbua majibu. Mpe riwaya ya kurasa themanini, atakuuliza maswali yako wapi.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza ya likizo ni ya kumbana mzazi kabla ya mtoto. Usimuulize mafunzo ya hadithi. Usimuulize wahusika wakuu ni akina nani. Usimwambie aandike muhtasari. Akiacha kitabu ukurasa wa ishirini kwa sababu kimemchosha, mwache, mpe kingine. Sisi watu wazima tunaacha vitabu kila siku na hakuna anayetuchapa. Ukitaka kujua kama amekielewa, subiri. Hadithi ikimkolea atamsimulia mdogo wake bila kuombwa, na huko jikoni utaisikia yote, pamoja na vitu alivyoviongeza mwenyewe.

Mzazi atauliza, sawa, asome nini? Swali hilo lina haki yake, kwa sababu ukiingia kwenye duka la vitabu unakuta pengo kubwa mahali pa mtoto huyu. Rafu moja ina vitabu vyembamba vyenye picha kubwa na maneno machache, vya watoto wanaoanza kusoma. Rafu ya pili ina vitabu vya fasihi ya sekondari, vinavyonunuliwa kwa sababu vimo kwenye orodha ya mtihani. Wa miaka kumi hadi kumi na tatu yuko katikati. Vya kwanza vinamdhalilisha, vya pili vinazungumza habari za ndoa na siasa ambazo hazijamfika.

Na vile vichache vinavyoandikwa kwa umri wake, vingi vina harufu ya semina. Unafungua hadithi, unakutana na Asha mwenye nidhamu na Musa mtoro. Ukurasa wa tatu unajua kwamba Musa atapata ajali au mimba ya mtu itahusika, na Asha atakuwa daktari. Wakati mwingine kuna mtu mzima anayejitokeza katikati kueleza habari za vyandarua. Sina neno na vyandarua. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja ana pua kali, ananusa mahubiri tangu jaladani. Wasomaji wa rika langu bado wanamkumbuka Bulicheka na mkewe Elizabeth kutoka kwenye vitabu vya shule, na ukiwauliza walifundishwa nini na kisa kile, watacheka tu. Walichobaki nacho ni watu wenyewe, majina yao, na yale majina marefu ya kuumiza ulimi.

Basi ningeanza na Abunuwasi. Najua, ni kitabu cha babu zetu. Hekaya za Abunuwasi zimechapwa na kuchapwa tena, na nakala bado zinapatikana hata kwa wauza vitabu vya kando ya barabara. Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki miaka ya 810, lakini pwani yetu ilimchukua ikamfanya wa kwake, kiasi kwamba mtoto wa Tanga hawezi kuamini kuwa si jirani. Angalia kisa cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani, kwa uroho, anakubali. Akiazima tena, hairudishi. Imekufa. Jirani anakwenda kulalamika, na hana la kusema, kwa sababu aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa?

Mtoto wa darasa la tano akifika hapo huinua kichwa. Umri ule ndio ameanza kugundua kwamba maneno ya watu wazima hayalingani kila mara, na hapa kuna mtu anayewashinda wenye mali na wenye vyeo kwa kutumia maneno yao wenyewe. Kila kisa ni kifupi, kwa hiyo hata asiyezoea kusoma anamaliza kimoja kabla hajachoka, na kimoja huvuta kingine. Baadhi ya visa ni vikali kidogo, vina utapeli na lugha ya uwanjani. Mwacheni avisome. Mchora katuni Gado, Mtanzania aliyejijengea jina Nairobi, alimtoa Abunuwasi kwa michoro mwaka 1996 kupitia wachapishaji Sasa Sema, na mkikutana na nakala yake msiiache. Wanaodhani katuni si kusoma hawajamtazama mtoto anavyorudia ukurasa mmoja wa katuni mara nne akitafuta kitu alichokipita.

Baada ya Abunuwasi ningempa Shaaban Robert, na hapo najua nitapingwa. Watu wengi walikutana naye sekondari, mbele ya ubao, wakichambua maudhui na fani, na tangu siku hiyo humwogopa kama dawa chungu. Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952, ni hadithi ya watoto na ya watu wazima kwa wakati mmoja, na inaanza kwa siri ambayo mtoto hawezi kuiacha. Ratili, mjumbe wa Mfalme Rai wa Ughaibu, anatumwa Janibu kwa liwali Adili, kwa sababu kodi imechelewa. Anapokewa vizuri, analala. Usiku anagundua kwamba mwenyeji wake ametoka. Anamfuata kwa kunyata. Anamwona Adili, yule mtu mpole aliyemkaribisha kwa heshima zote, anaingia chumba chenye manyani wawili waliofungwa, na anawachapa. Akimaliza kuwachapa anawalisha kwa mkono wake na kuwabembeleza, huku huzuni imemjaa. Kwa nini mtu mwema awachape wanyama kila usiku kisha awahurumie? Manyani hao ni nani?

Sijibu. Mwenye kutaka kujua asome. Ninachosema ni kwamba mwandishi yeyote wa filamu za kisasa angeununua mwanzo huo. Lugha ni ngumu mahali pengine, hilo sikatai. Kuna maneno ambayo hata mimi huyafungulia kamusi. Dawa yake ni kwamba sura ya kwanza na ya pili asome mzazi kwa sauti, jioni, umeme ukiwepo au usipokuwepo, na pale penye neno gumu apite bila kusimama. Mtoto hashindwi na maneno kumi asiyoyajua ikiwa anajua kuna nyani ndani ya nyumba. Siku ya tatu atakuwa ametangulia peke yake.

Tena kitabu hiki kinafungua mlango mwingine. Shaaban Robert hakukitunga kutoka hewani. Mzizi wake ni kisa cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake kilichomo katika Alfu Lela u Lela. Mtoto aliyempenda Adili apelekwe huko. Wachapishaji Mkuki na Nyota walizitoa hadithi hizo kwa Kiswahili, kwa kazi ya Hassan Adam, katika vitabu kadhaa badala ya gogo moja la kutisha. Humo atakutana tena na Baghdad ya Abunuwasi na Harun Rashid, na atajisikia kama mtu anayerudi mtaa anaoufahamu. Msomaji hutengenezwa hivyo, kitabu kimoja kikimkabidhi kwa kingine bila mwalimu katikati.

Kuna kundi la tafsiri za zamani ambalo napenda na linanikera. Frederick Johnson, Mwingereza aliyekuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili, alitafsiri vitabu vya vituko kwa wingi. Kisiwa chenye Hazina kilitoka mwaka 1929, na mwaka huohuo Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kile cha kwanza ni raha tupu kwa mtoto yeyote, mvulana au msichana: ramani, merikebu, maharamia, kijana mdogo anayesikia siri asiyotakiwa kuisikia. Hiki cha pili ningekiacha rafuni. Kimejaa dharau ya Mzungu wa karne ya kumi na tisa kwa Waafrika, na mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kuipepeta peke yake. Akikisoma baadaye, akiwa na mtu wa kubishana naye, sawa.

Elisi wa Nchi ya Ajabu pia yupo. Toleo la mwaka 1940 lilimwita Elisi na kumchora kama mtoto wa Kiafrika, jambo la ujasiri kwa wakati ule. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, na Kiswahili chake kinatembea kwa wepesi ambao watoto wa leo watauelewa. Si kila mtoto atampenda Alisi. Wenye akili ya kupenda mambo yaende sawasawa humchukia, na wale wanaopenda mafumbo na vitendawili humkumbatia. Mwana Mdogo wa Mfalme, cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, kimetolewa pia na Mkuki na Nyota. Ni kifupi, kinafaa kwa mtoto mpole anayependa kukaa peke yake.

Nisije nikaonekana nawapeleka watoto wote Baghdad na London. Marimba ya Majaliwa, ya marehemu Edwin Semzaba aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inampa mtoto mvulana mwenye marimba, safari inayopita pembe nyingi za Tanzania, na maajabu ya kutosha njiani. Semzaba alikuwa mtu wa jukwaa, na inaonekana. Watu wake wanazungumza, hawahutubii. Kwa darasa la nne na la tano, Safari ya Prospa ya Elieshi Lema ni mwanzo mzuri. Kutoka Kenya, Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, ilishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta na ilistahili. Mada yake haijachakaa hata kidogo, maana hakuna mtaa wetu usio na mtoto anayeota kwenda Marekani, na Walibora alijua kumcheka mwotaji bila kumdhihaki.

Kwa msomaji hodari wa darasa la saba, yule aliyemaliza yote hayo na bado anataka, nina mtu mmoja. Anaitwa Bwana Msa, anavuta kiko, anafikiri kabla ya kusema, na anaishi Zanzibar ya Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960, na ndiyo iliyotuletea riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Kuna maiti, kuna mzimu ambao watu wanauogopa, kuna Spekta Seif mwenye haraka ya kumkamata mtu, na kuna Bwana Msa anayeona kile ambacho wengine wamekipita. Mtoto anajifunza kwamba hofu ya watu wengi si ushahidi, na anajifunza bila mtu kumwambia. Mwendo wake ni wa polepole kuliko filamu za siku hizi, mazungumzo ni marefu, Kiswahili ni cha Unguja chenyewe. Mimi naona huo ndio utamu wake, lakini nakiri kwamba si kwa kila mtu.

Willy Gamba wa Elvis Musiba asubiri. Wengi wetu tulimsoma chini ya dawati kabla ya umri wake, na hatukufa, ila risasi na wanawake wa Kufa na Kupona si vya mtoto wa darasa la tano. Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, wa mwaka 1934, ni mwembamba na unasomeka kwa urahisi. Unaeleza utumwa na maisha ya walioachwa huru wakakaa Freretown, Mombasa. Mpeni, lakini huu usomwe pamoja na mtu mzima, kwa kuwa Mbotela anawasifu mno Waingereza, na mtoto anapaswa kusikia kwamba kulikuwa na upande mwingine wa habari hiyo.

Na Kiingereza? Najua ndicho kinachowanyima wazazi usingizi, hasa wa darasa la saba la shule za serikali. Hata hapo, hadithi ina nguvu kuliko karatasi ya sarufi. Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vya Richard Mabala, vimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, vina kurasa chache, na vinahusu watu wa hapahapa. Mtoto akivimaliza vyote viwili kabla ya Januari, kwa kubahatisha nusu ya maneno, ataingia sekondari na kitu ambacho kozi nyingi za maandalizi hazimpi, yaani uzoefu wa kumaliza kitabu cha Kiingereza. Walio kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza wana tatizo la kinyume. Wanameza vitabu vya Uingereza na Marekani kwa haraka, wakipewa aya moja ya Kiswahili wanakwama kama gari kwenye tope. Wazazi wengine wanalionea fahari jambo hili. Hao wape Abunuwasi kwanza, na ujiandae kusoma nao.

Swali la fedha lipo, na silikwepi. Familia inayohesabu nauli ya daladala haitanunua vitabu vitano. Lakini familia hiyohiyo mara nyingi imeshabanwa ikatoa fedha ya twisheni, na fedha hiyo ingenunua kitabu kimoja au viwili ambavyo watoto watatu wa nyumba moja watavisoma, na wa jirani wataviazima. Dar es Salaam, duka la TPH la Mtaa wa Samora lina vitabu vingi nilivyovitaja, na wauza vitabu vya mtumba wa katikati ya jiji wana vingine kwa bei ya kupatana. Maktaba Kuu ya Taifa ya Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto, na mikoani zipo maktaba za mikoa. Mpelekeni mtoto huko asubuhi moja, mwacheni achague mwenyewe. Wenye simu janja wana hazina ya bure ya African Storybook, yenye hadithi nyingi za Kiswahili, ingawa zaidi ni fupi na za wadogo. Zinafaa kwa yule anayejikongoja.

Na kwa wanaosema vijijini haiwezekani, waangalie Garissa. Tangu mwaka 1996 Wakenya wamekuwa wakipakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia na kuwafuata watoto wa wafugaji huko huko walikohamia. Ngamia wanapiga magoti, masanduku yanashushwa, mkeka unatandikwa, watoto wanachagua. Tanzania nayo ina pikipiki kila kijiji.

Jambo moja linasahaulika tukizungumza haya. Likizo si likizo kwa watoto wote wa nyumba moja. Mvulana wa darasa la sita akifunga shule huenda uwanjani. Dada yake wa darasa la tano hugeuka msaidizi wa nyumba: anachota maji, anaosha vyombo, anabeba mtoto, na jioni anapika. Ukimpa kitabu bila kumpa saa, umempa pambo. Saa ile ya mchana baada ya chakula, jua likiwa kali na kazi zimepungua, iwe yake. Aambiwe wazi mbele ya kaka zake kwamba saa hiyo hatumwi na mtu.

Wachapishaji na Serikali nao wana sehemu yao. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulifanya kazi kubwa kwa kuwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni, na ndiyo sababu tuna vitabu vingi vya wadogo. Kisha, katika muongo wa 2010, kazi ya kuandika na kuchapa vitabu vya kiada ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sibishani hapa na sababu zake. Matokeo yake ni kwamba wachapishaji binafsi walikosa pato la kiada lililokuwa likilipia vitabu vya hadithi visivyo na soko la uhakika, na wa kwanza kuumia alikuwa msomaji wa miaka kumi na mbili, ambaye hana fedha na hana orodha ya mtihani. Na Kenya nako, tangu 2013 kitabu kinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, hata kiwe cha Abunuwasi.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, ni hatua nzuri, na kuingizwa kwa hadithi za watoto ni hatua nzuri zaidi. Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Kundi la watoto ligawanywe mara mbili, wadogo na wakubwa, ili mwandishi wa hadithi ya kurasa mia moja kwa mtoto wa darasa la sita asishindanishwe na mwandishi wa kurasa kumi na sita zenye picha ya sungura. Hao ni waandishi wa kazi mbili tofauti. Na waamuzi wawape watoto wenyewe miswada wasome, kisha wahesabu ni wangapi waliofika mwisho.

Wewe mzazi usisubiri tuzo. Kabla hujamlipa mwalimu wa twisheni ya likizo hii, mwombe akuachie wiki mbili za kwanza, uchukue fedha hiyo ukanunue Abunuwasi na Adili na Nduguze. Kikimnogea mtoto kimoja, mtafutie kinachofuata. Visipomnogea vyote viwili, mpigie tena mwalimu, bado utampata. Walimu wa twisheni hawajawahi kuadimika.